Fumbo la Hisabati Nalo ni Somo la Kusoma

Katika ofisi za walimu wa shule za msingi kuna lalamiko ambalo halikosekani kila matokeo ya majaribio yanapotoka, nalo ni kwamba watoto hawajui kusoma. Mwalimu wa Sayansi hulitoa huku akimtazama mwalimu wa Kiswahili, mwalimu wa Hisabati huliunga mkono, na mwalimu wa Kiswahili hujibu kwamba juzi tu darasa lile lile lilisoma hadithi ya ukurasa mzima bila kukwama. Wote watatu husema kweli. Nimefundisha Sayansi na Hisabati katika madarasa ya juu ya shule ya serikali wilayani Kwimba, Mkoa wa Mwanza, kwa muda wa kutosha kuona mtoto akisoma habari ya sungura na fisi kwa sauti nzuri na kwa kufuata vituo, kisha akafungua kitabu cha Sayansi na Teknolojia, akasoma aya ya mistari sita kwa matamshi yale yale mazuri, na alipoulizwa aya ile imesema nini akabaki kuutazama ukurasa. Mtoto huyo hajasahau kusoma. Ukurasa wa Sayansi unamdai kazi ambayo ukurasa wa hadithi haukumdai, na kazi hiyo hakuna aliyemfundisha kuifanya.

Mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili ulioanza kutumika 2015 uliweka nguvu kubwa katika KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na kwa kweli walimu wa madarasa hayo wamefanya kazi inayoonekana. Tatizo huanza Darasa la Tatu, masomo yanapoongezeka na kila somo kuja na kitabu chake. Hapo tunachukulia kwamba stadi iliyopatikana kwenye hadithi itahama yenyewe hadi kwenye jedwali la mvua, ramani ya mkoa, mchoro wa mfumo wa chakula na fumbo la kugawa. Haihami. Na ninapotaja jambo hili watu wengi hudhani nazungumzia sekondari, ambako mwanafunzi hukutana na Kiingereza kwa ghafla. Hilo ni tatizo kubwa na lina watetezi wake. Mimi nazungumzia shule ya msingi, ambako karibu kila kitu kimeandikwa kwa Kiswahili na bado mtoto anapotea.

Nianze na Hisabati, kwa sababu ndilo somo ambalo walimu wengi hawataki kabisa kulihesabu kuwa la kusoma. Siku moja niliandika fumbo hili ubaoni katika Darasa la Tano: Asha ana shilingi 5,000. Ana shilingi 1,200 zaidi ya Musa. Musa ana shilingi ngapi? Karibu darasa zima liliandika 6,200. Kujumlisha walijumlisha sawasawa, wala hapakuwa na aliyekosea mahali pa mamia. Walichofanya ni kutafuta namba mbili, wakaliona neno "zaidi", na kwa kuwa tangu Darasa la Pili wamezoeshwa kwamba zaidi ni alama ya kujumlisha, wakamaliza kazi kabla hawajaisoma sentensi ya pili hadi mwisho. Mwalimu anayesahihisha kwa kuweka alama ya kosa kwenye 6,200 na kurudia mfano wa kutoa hajaligusa kosa lenyewe, maana kosa halimo katika kutoa.

Nilichofanya ni kufuta namba zote. Nikaacha ubaoni maneno matupu: Asha ana fedha. Ana fedha zaidi ya Musa. Nikauliza, nani ana fedha nyingi? Wakajibu kwa pamoja kwamba ni Asha. Kwa hiyo fedha za Musa zitakuwa juu ya 5,000 au chini yake? Chini, mwalimu. Basi mwenye 6,200 katika daftari lake aitazame tena. Kelele zilizotokea hapo ni za watoto waliogundua jambo wenyewe, na mmoja aliyekaa nyuma alisema kwa sauti kwamba kumbe hata kabla ya kukokotoa unaweza kujua jibu fulani ni la uongo. Tangu hapo fumbo lolote darasani kwangu husomwa kwanza bila namba. Wanafunzi hulisimulia kwa maneno yao kama habari iliyowapata watu fulani, husema kinachoulizwa ni nini na jibu linatarajiwa kuwa kubwa au dogo kuliko kitu gani, ndipo namba zinaporudishwa. Hilo hula dakika nyingi za kipindi, na ninayafanya mafumbo manne pale ambapo wenzangu hufanya kumi. Sijaona sababu ya kuyarudisha yale sita.

Kuna aina nyingine ya upotevu ambayo haitokani na neno moja. Mzee ana mbuzi 48, ameuza robo yao, kisha akanunua wengine 6, sasa ana mbuzi wangapi? Wengi huishia kwenye 12. Robo wameipata vizuri, lakini sentensi ina hatua tatu na wao wamesoma moja. Kwa mafumbo ya namna hii huwataka waandike kila tukio katika mstari wake kabla ya kukokotoa: alikuwa na, aliuza, akabaki na, akanunua. Ni kazi ya uandishi hasa, na mtoto aliyekwisha kuifanya mara mbili tatu hufika kwenye 42 bila kusaidiwa.

Katika Sayansi mahali panapowapoteza wengi ni kwenye mchoro, wala si kwenye maneno. Kila mwalimu aliyefundisha mnyororo wa chakula anaujua mchoro wenye majani, mshale, panzi, mshale, chura, mshale, nyoka. Kwa mtoto mshale una maana moja tu, kwamba huyu anamwendea yule. Kwa hiyo ukimwambia auandike mchoro huo kwa sentensi, ataandika bila wasiwasi wowote kwamba majani yanamla panzi. Anajua fika kwamba panzi ndiye anayekula majani, kwa kuwa amewaona shambani tangu hajaanza shule. Ila hakuona kwamba mchoro unasema jambo lile lile analolijua. Mshale katika mchoro ule unaonyesha chakula kinakokwenda, na hilo halisomeki mpaka mtu akwambie. Katika mzunguko wa maji mshale ule ule unaonyesha maji yanakopanda na kushuka, na katika Maarifa ya Jamii mshale juu ya ramani unaweza kuwa njia ya msafara au uelekeo wa upepo. Alama ni moja na usomaji wake ni wa aina tatu, tena katika wiki moja ya shule. Mwalimu wa Kiswahili hana namna ya kuyafundisha hayo, kwa kuwa michoro hiyo haimo katika vitabu vyake.

Kwa sababu hiyo, kabla hatujasoma aya yoyote yenye mchoro, huwa tunausoma mchoro kwanza na kuugeuza kuwa sentensi. Majani huliwa na panzi. Panzi huliwa na chura. Sentensi zikishasimama ubaoni ndipo tunapofungua maandishi na kuona kama yanakubaliana nasi.

Upande wa kuandika, mazoea yaliyotawala ni notisi. Mwalimu hujaza ubao, watoto hunakili, kengele inalia, na daftari linaonekana limejaa. Sisemi notisi hazina kazi, hasa mahali ambapo kitabu cha kiada kimoja kinasomwa na watoto wengi na hakuna anayekwenda nacho nyumbani. Daftari ndilo kitabu pekee kinachofika kwao. Ila kunakili hakumfundishi mtoto kuandika jambo. Mtoto anaweza kunakili aya ya usanisinuru bila kukosea herufi, na mkono wake ukawa umefanya kazi yote peke yake.

Nilibadili sehemu ndogo tu ya utaratibu huo wakati wa mada ya kuota kwa mbegu. Kila kundi lilipewa kopo, udongo na maharage, na kila siku walitakiwa kuandika walichokiona. Maandishi ya mwanzo yalikuwa ya aina moja kote: "Mbegu imeota vizuri." Nilipomwuliza msichana mmoja ameona nini hata akasema vizuri, alirudi kwenye kopo akainama, akaja na maandishi mapya: "Ganda limepasuka. Kitu cheupe kimetokea upande wa chini. Kina urefu wa nusu sentimeta." Nikamwambia achore mstari katikati ya ukurasa, upande mmoja aandike anachokiona na upande wa pili anachokidhani. Upande wa pili akaandika: "Nadhani ni mzizi kwa sababu umeelekea chini." Sentensi hizo nne zilikuwa na sayansi nyingi kuliko kurasa zote za notisi alizokuwa amezinakili muhula ule, na nilizisoma mbele ya darasa kama zilivyo. Mstari wa katikati ya ukurasa sasa ni wa kudumu. Watoto huulizana wenyewe kama neno fulani ni la upande wa kuona au wa kudhani, na mabishano yao juu ya neno "limeoza" yaliwahi kumaliza nusu ya kipindi.

Mwenzangu anayefundisha Maarifa ya Jamii alikuwa na shida ya sura nyingine. Watoto wake waliweza kukariri kwamba Vita vya Majimaji vilipiganwa kati ya 1905 na 1907, kwamba Kinjeketile Ngwale alikuwa mtu wa Ngarambe, na kwamba sababu za vita zilikuwa kodi, kazi za kulazimishwa na ukatili wa watawala wa Kijerumani. Ukiwauliza sababu hizo zilihusianaje na vita, walizirudia kwa mpangilio ule ule. Orodha ilikuwa imeshika mahali pa maelezo. Tulikaa tukatafuta swali litakaloivunja, na yeye ndiye aliyelipata. Vita vilianza Julai 1905 wakulima wa Milima ya Matumbi walipong'oa mimea ya pamba. Sasa hapa kwetu Usukumani pamba ndiyo fedha ya nyumba nyingi, na mtoto wa Kwimba anajua jinsi baba yake anavyolilinda shamba lake la pamba dhidi ya ng'ombe wa jirani. Akawauliza: mkulima gani mwenye akili timamu anang'oa pamba yake?

Swali hilo liliwarudisha kitabuni bila kusukumwa. Mvulana mmoja aliandika, "Waling'oa kwa sababu pamba haikuwa yao," na mwalimu hakumpongeza mara moja, bali alimtaka aonyeshe ni sentensi gani ya kitabu iliyompa wazo hilo. Walisoma upya habari za mashamba ya pamoja yaliyoanzishwa na serikali ya kikoloni 1902, malipo duni, na siku ambazo mtu alizipoteza huko huku mazao yake ya chakula yakisubiri. Kodi ikapata nafasi yake, kazi ya kulazimishwa ikapata nafasi yake, na neno "kwa sababu" likaanza kufanya kazi katika madaftari yao. Jambo alilosisitiza mwenzangu, na ambalo nimelichukua katika Sayansi, ni kwamba mtoto akitoa wazo lazima aweke kidole juu ya mstari uliomwongoza. Wengine hukuta kwamba mstari haupo, wazo wamelitoa kwao wenyewe. Si vibaya, ila walijue.

Kufundisha kusoma kupitia jambo lenyewe si mbinu ya kigeni katika Kanda ya Ziwa. Kati ya 1968 na 1972 uliendeshwa huku mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, yaani kuwafundisha watu wazima kusoma kupitia kazi zao, kwa msaada wa UNESCO na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, na vitabu vya kujifunzia kusoma viliandikwa juu ya pamba, migomba, uvuvi na ufugaji. Bibi yangu mzaa mama alisomea kisomo. Herufi alizijua kupitia pamba, na hadi uzeeni alikuwa akisoma maelekezo ya dawa ya kunyunyizia kwa uangalifu ambao sijauona kwa wahitimu wengi wa sekondari, akirudia kipimo cha maji mara mbili kabla ya kumruhusu mtu kufungua chupa. Baadaye, 1973, ilikuja kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, ambayo watu wazima walikusanyika vijijini kusikiliza, kusoma na kujadili habari za malaria na vyoo. Waliotayarisha kazi zile hawakutenganisha kusoma na jambo linalosomwa. Sisi tuliosomea ualimu miaka ya karibuni ndio tuliopewa masomo yenye kuta katikati yake.

Niseme pia habari ya Kisukuma. Watoto wengi wa shule yetu huja na Kisukuma kutoka nyumbani na Kiswahili hukutana nacho zaidi shuleni. Zipo shule zinazowaadhibu kwa kusema lugha ya nyumbani hata uwanjani, na msimamo wangu juu ya adhabu hizo ni mkali kuliko ninavyoweza kuuandika hapa kwa adabu. Darasani kwangu kundi linaruhusiwa kubishana kwa Kisukuma juu ya kile kilichotokea ndani ya kopo la maharage, mradi matokeo ya mabishano yaandikwe kwa Kiswahili. Anayeandika hulazimika kutafuta neno sahihi la Kiswahili, akikosa huuliza, na neno aliloliuliza kwa shida namna hiyo halimtoki tena.

Wenzangu wanaposikia haya hunikumbusha idadi ya watoto na uzito wa madaftari. Wana haki. Darasa letu la Sita lina wanafunzi wengi kuliko madawati, na hakuna mwalimu anayeweza kusoma aya moja ya kila mtoto kila siku na bado akapata usingizi. Mimi hukusanya madaftari ya safu moja tu kwa siku, na katika safu hiyo nasahihisha jambo moja lililotangazwa mapema: leo natazama kama umetenganisha kuona na kudhani, kesho natazama kama sababu imefuatwa na matokeo. Tahajia naipitia kwa jicho na kuiacha, isipokuwa inapoharibu maana. Waliobaki hubadilishana madaftari na kuwekeana alama ya kuuliza pale wasipoelewa. Mwanzoni alama hizo zilitumika kulipizana visasi vya uwanjani, jambo lililotulia nilipoagiza kwamba anayeweka alama lazima pia aandike swali lenyewe.

Pingamizi la pili, kwamba mtihani wa Darasa la Saba kwa sehemu kubwa ni wa kuweka kivuli kwenye herufi ya jibu sahihi na kwa hiyo uandishi ni anasa, halina uzito ninaoambiwa kwamba linao. Mtihani wa kuchagua ni mtihani wa kusoma kuliko mwingine wowote. Kuna maswali ambayo hubeba neno "isipokuwa" katikati ya sentensi, na mtoto anayesoma mbio huchagua jibu la kwanza aliloliona kuwa la kweli, wakati swali linatafuta lisilo la kweli. Ninawapa wanafunzi kazi ya kutunga maswali ya kuchagua wenyewe, pamoja na majibu matatu ya uongo yatakayomnasa mwenzao, na kwa kila jibu la uongo waeleze kwa maandishi litamnasa mtu wa aina gani. Aliyewahi kutega mtego wa "isipokuwa" hanaswi nao kirahisi. Mmoja wao aliwahi kutunga fumbo la mafuta ya kula bila kutaja bei ya lita, na darasa likakataa kulijibu mpaka aliandike upya; nilifurahi kuliko siku nyingi za ufaulu.

Mwalimu wa Kiswahili sasa huchukua kifungu cha Sayansi au Maarifa ya Jamii na kukitumia katika ufahamu, nami humpa kifungu hicho siku chache kabla ya kufundisha mada yake ili darasa likifika kwangu liwe limeshapambana na maneno yake. Mpango huu tuliuzungumza katika vikao vya MEWAKA, vile vya mafunzo ya walimu kazini vinavyofanyika hapa hapa shuleni, na haukupita bila kupingwa: wapo wanaoona kwamba kila mmoja akimaliza mada zake kwa wakati, shule itakuwa imetimiza wajibu. Mwalimu Mkuu aliruhusu tujaribu kwa Darasa la Tano na la Sita peke yake.

Kinachotushughulisha kwa sasa ni Darasa la Tatu, kwa kuwa huko ndiko kurasa za aina mpya zinakoanzia na tukisubiri Darasa la Tano tunakuwa tumechelewa miaka miwili. Mwalimu wa darasa hilo amekubali kutenga muda kidogo kila wiki wa kusoma na watoto ukurasa mmoja wa somo lisilo Kiswahili, polepole, kwa kidole. Mimi nilitaka aanze na mafumbo ya Hisabati. Yeye anasema watoto wa umri ule wataushika mchoro kwa urahisi zaidi. Tumeanza na michoro, maana darasa ni lake.